Plastiki izuie mlangoni, kwenye pipa umeshachelewa

Hiyo seti ya makopo ya kioo yenye vifuniko vya mianzi unayotaka kununua ili uanze maisha bila plastiki, mi naomba uiache dukani. Najua kuna wapenda mazingira watanuna. Lakini kama kabatini una makopo ya plastiki ambayo hayajapasuka tumia hayo hayo, mana'ke mafuta ya kuyatengeneza yalishachimbwa na kiwanda kilishafanya kazi yake, sasa ukiyatupa leo ununue ya kioo umeongeza taka afu juu yake umeagiza bidhaa nyingine itengenezwe. Cha kuzingatia tu ni usiyatie vitu vya moto wala kuyaweka kwenye maikrowevu, yabaki kuhifadhia vitu vikavu, misumari, vifungo, chochote.

Mfuko wa kitambaa nao una habari yake. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa ripoti ya kulinganisha mifuko, ikaonekana mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 131 ndo madhara yake kwenye joto la dunia yalingane na ya mfuko mmoja mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Wapo wanaochukua hiyo namba kama kibali cha kurudi kwenye plastiki, hapana bana, hesabu ile ilikuwa ya hewa chafu inayopasha dunia joto, sio ya mfuko unaopeperuka ukaenda kuziba mtaro au ukameng'enyuka vipande vipande baharini. Mi ninachokiona pale ni kwamba mfuko mmoja unatosha, uutumie mpaka mpini ukatike, ukatike tena baada ya kuushona. Siku hizi mifuko ya kitambaa inagawiwa kama vipeperushi, kila semina unatoka nao, nyumbani imejaa droo nzima na bado ukienda dukani umeusahau. Uning'inize kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, basi.

Sasa hapa kwenye urejelezaji, yani kugeuza taka kuwa bidhaa mpya, ndo pana uongo mwingi. Watu wanakula, wanasuuza kopo, wanaliweka kwenye pipa la rangi tofauti, roho inatulia. Mwaka 2017 ulitoka utafiti ulioongozwa na Roland Geyer, wakapiga hesabu ya plastiki yote iliyozalishwa duniani mpaka 2015, na katika taka zote za plastiki ilikuwa imerejelezwa karibu asilimia 9 tu, asilimia 12 imechomwa, iliyobaki iko kwenye madampo au imezagaa. Na sio kwamba wasuuzaji wa makopo ni wavivu. Plastiki sio kitu kimoja, ziko aina nyingi na ukiziyeyusha pamoja unapata kitu dhaifu ambacho hakuna anayekitaka. Ile pembetatu ya mishale chini ya chupa yenye namba 1 mpaka 7, watu wengi wanadhani ni ahadi kwamba itarejelezwa, wakati ilianzishwa 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani kuonyesha aina ya plastiki tu. Namba 1 na 2, yani chupa za maji na yale madumu magumu ya sabuni, hizo kidogo zina wanunuzi. Ukikuta 6 au 7 ujue uwezekano mkubwa safari yake inaishia dampo hata uisuuze kwa maji ya uvuguvugu.

Na sacheti ndo usiseme. Chukua kipakiti cha shampuu kilichokwisha, kikate kwa mkasi pembeni ukifungue chote, ndani utaona rangi ya fedha inang'aa, mara nyingi hiyo ni alumini nyembamba sana iliyobanwa katikati ya tabaka za plastiki, jaribu kuibandua kwa kucha uone kama utaweza. Hata mtambo unapata tabu hiyo hiyo. Ukiweza nunua chupa kubwa, au popote wanapojaza upya nenda na chupa yako ya zamani. Ila tusianze kumsema anayenunua sacheti kwa sababu hela anayoishika ni ya siku, kesi hiyo ni ya aliyeamua kuifungasha hivyo.

Unaanzia wapi? Mwaga pipa lako juu ya gazeti. Kweli, limwage, utazame. Utashangaa ni vitu vile vile vichache vinajirudia, na mara nyingi sio mirija ambayo kila mtu anaipigia kelele. Kama ni chupa za maji pambana na chupa za maji, tafuta kichujio au chemsha, kama ni vifungashio vya sabuni rudi kwenye sabuni ya kipande. Watu wanakomaa na jikoni bafuni wanapasahau, na huko ndo rahisi kuliko kote: sabuni ya kipande, shampuu ya kipande, mashine ya kunyolea ya chuma unayobadilisha wembe tu, dodoki badala ya sponji (sponji nyingi ni plastiki, kila ukisugua zinapukutika kwenye maji). Nguo za polista nazo zinatoa nyuzi za plastiki kila zikifuliwa, kwa hiyo fua pale zilipochafuka kweli, sio kila iliyovaliwa kwa muda wa saa mbili tu.

Vile vikombe na sahani vilivyoandikwa "inaoza" nao mniache. Vingi vinatengenezwa kwa plastiki ya wanga wa mahindi ambayo inataka mtambo maalum wa mboji wenye joto la nyuzi kama 60, shimo la nyuma ya nyumba haliliwezi hilo. Na kuchoma plastiki uani ndo kabisa, hasa zile za PVC, ile plastiki ya mabomba, moshi wake una sumu inaitwa dayoksini, afu unaingia dirishani kwako mwenyewe.

Kitu ambacho sijawahi kukielewa ni mifuko ya kuwekea taka. Yani mtu anatoka nyumbani kwenda kununua plastiki mpya kabisa kwa lengo la kuitupa. Maganda na mabaki ya jikoni yakienda kwenye mboji, kinachobaki kwenye pipa ni kikavu, unalikung'uta, unalisuuza, linarudi mahali pake. Mfuko wa nini?