Nyumba ya 17

Kabla sijaanza kutafuta nyumba ya kununua nilikuwa nikiamini kwamba maneno yana maana zinazojulikana, na kwamba mtu akitamka neno "chumba" anakusudia mahali ambapo kitanda kinaweza kuingia na mlango ukafungwa, yote mawili kwa wakati mmoja. Baada ya miezi saba na nyumba 16, imani hiyo ilikuwa imenitoka. Nilikwisha kufahamu kwamba nyumba inayosifiwa kuwa "tulivu" ni ile ambayo njia ya kuifikia humkatisha tamaa hata mwizi, kwamba nyumba "iliyo karibu na huduma zote" ni ile ambayo ukifungua dirisha la chumbani unaweza kumpa mkono dereva wa basi, na kwamba nyumba "inayohitaji marekebisho madogo" kwa kawaida inahitaji paa.

Picha za matangazo nazo zilikuwa zimenifunza adabu. Wapigaji picha za nyumba hupenda lenzi ya pembe pana, ambayo huweza kukusanya kuta tatu za chumba katika picha moja na wakati huohuo kuvivuta vitu vilivyo pembeni mwa picha, kiasi kwamba kochi la watu wawili huonekana kama mtumbwi wa mashindano. Siku moja nilifika katika sebule niliyokuwa nimeiona pichani ikiwa na upana wa ukumbi wa harusi, na dalali akalazimika kutoka nje ili mimi nipate nafasi ya kugeuka.

Mke wangu alijitoa katika msafara huu kwenye nyumba ya tisa, alipoonyeshwa chumba cha watoto akakuta ni uvungu wa ngazi uliotiwa pazia. Tangu siku hiyo alitangaza kwamba ataitazama nyumba ile tu ambayo mimi nitakuwa nimekwisha kuikagua na kurudi nikiwa bado na hamu ya kuishi chini ya dari yoyote. Kwa hiyo nikawa mkaguzi. Nilijinunulia tochi na tepu ya kupimia, kisha nikaongeza gololi moja ya kioo niliyoiazima kwa mwanangu kwa masharti magumu kuliko ya benki. Mafundi hutumia pimamaji kujua kama sakafu imelala sawasawa, lakini mtu akiingia na pimamaji katika nyumba ya watu huonekana mchokozi, ilhali gololi hukaa mfukoni, nawe ukiiangusha kama kwa bahati mbaya na ikaondoka yenyewe kuelekea upande mmoja, umekwisha kupata jibu lako bila kumvunjia mtu heshima.

Dalali wa nyumba ya 17 alinipokea getini akiwa na simu mbili, viatu vilivyong'aa na habari ninayoijua kwa moyo.

"Bosi, umefanya vizuri kuwahi," aliniambia, "kwa sababu kuna mteja mwingine yuko njiani, na huyo anakuja na fedha taslimu."

Mteja huyo nilikuwa nimeongozana naye katika nyumba zote 16. Kila nilipofika alikuwa njiani, kila mara alikuwa na fedha taslimu, na kwa namna ya ajabu hakupata kununua hata nyumba moja, kwa kuwa niendako nilimkuta tena akiwa njiani. Nilikuwa nimeanza kumhurumia.

Haraka hii ya madalali ina hesabu zake, na ni haki kuieleza. Dalali hulipwa kamisheni, yaani asilimia fulani ya bei, na mara nyingi ni muuzaji anayemlipa. Tuseme ni asilimia 3. Akikaa wiki nzima akibishana ili bei ipande kwa 1,000, yeye binafsi ataambulia 30, lakini akiuza leo kwa bei yoyote ile ataondoka na karibu kamisheni yake yote na kesho atakuwa getini kwa mtu mwingine. Kwa hiyo dalali hana ugomvi na bei yako wala na nyumba yenyewe. Ugomvi wake ni na kesho.

Tulipoingia ndani nilikuta taa zote zimewashwa saa sita mchana, madirisha yako wazi, redio inaimba kwa sauti ya juu, na hewa imejaa manukato mazito ambayo mtu hawezi kuyapuliza kwa wingi kiasi kile pasipo sababu. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa umepakwa rangi mpya na mingine mitatu haikupakwa. Mimi sikusema neno. Nilichuchumaa jikoni kuangalia mabomba ya chini ya sinki, na kwa kuwa koti lilinizuia nililivua nikaliweka mezani, simu yangu ikiwa mfukoni mwake, tendo ambalo baadaye lilinigharimu. Moja ya simu za dalali ikaita, naye akatoka nje kuipokea.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba milango yote ya nyumba ile ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho na kubanwa ukutani. Mgeni wa kawaida huona huo ni ukarimu. Mkaguzi mwenye nyumba 16 nyuma yake hujiuliza kuna nini nyuma ya milango hiyo, kwa maana ukuta ambao hakuna mtu anayeuona ndio ukuta ambao hakuna mtu anayeupaka rangi. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba la maji ili nipime nguvu yake, kisha nikaushika mlango na kuusukuma ujifunge. Ulikataa. Nikaongeza bega. Ukafunga kwa kishindo.

Nyuma yake palikuwa na kila kitu. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na ukikauka huacha unga mweupe wa chumvi, nami niliuona unga huo ukiwa umefika kiunoni mwangu. Juu yake kulikuwa na ufa. Ufa mwembamba kama unywele aghalabu ni wa lipu peke yake na haumnyimi mtu usingizi, lakini huu ulikuwa ukipanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali kutoka pembe ya sakafu hadi kwenye fremu ya mlango, na sarafu ingeingia ndani yake bila kuombwa. Nyumba ilikuwa imetitia upande mmoja. Nilifurahi mno. Nilifurahi kama daktari aliyeupata ugonjwa wa mgonjwa asiyemhusu, nikakishika kishikio cha kitasa ili nitoke nikamweleze dalali, na kishikio kikabaki mkononi mwangu.

Nyumba ikititia, fremu za milango nazo hupinda, na mlango uliotengenezwa kwa ajili ya fremu ya mraba hujikuta ndani ya fremu iliyoinama. Ndiyo maana mlango ule ulihitaji bega ili ufungwe. Kutoka ndani, hata hivyo, ulitakiwa kuvutwa, nami sikuwa na cha kuvutia. Kila nilichokuwa nimekisoma kuhusu misingi kilinieleza kwa ufasaha sababu ya kufungiwa kwangu, na hakuna hata kimoja kilichonieleza namna ya kutoka.

Nikagonga. Nikaita. Redio ikaendelea kuimba. Baada ya kitambo nikasikia sauti ya dalali sebuleni, na kwa mshangao wangu mkubwa nikasikia pamoja nayo sauti ya mwanamume na ya mwanamke. Mteja mwingine alikuwa amefika kweli! Nikabandika sikio mlangoni.

"Mmefanya vizuri kuwahi," dalali alikuwa akiwaambia, "kwa sababu kuna mteja aliyekuwa hapa sasa hivi, ameipenda mno, na amesahau hata koti lake kwa haraka ya kwenda kuchukua fedha."

Nilikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Miezi saba nzima nilikuwa nikijiuliza ni nani mtu yule asiyechoka, anayezunguka mji mzima na fedha taslimu akinitangulia na kunifuata, na kumbe alikuwa ni mimi.

Nikagonga tena, safari hii kwa kishikio.

"Kuna nini kinagonga?" mwanamke akauliza.

"Ni maji hayo, mama. Maji ya hapa yana nguvu, yakijaa katika mabomba hupiga namna hiyo."

Jambo la kuudhi ni kwamba mabomba huweza kugonga kweli maji yanapokatwa ghafla, kwa hiyo jibu lake lilikuwa na chembe ya elimu. Nikapaza sauti kuomba msaada. Dalali akaeleza kwamba majirani wa upande ule ni watu wachangamfu. Kisha hatua zikasogea, mlango ukatikiswa kutoka nje mara mbili, na sauti yake, iliyokuwa imepungua uhakika kidogo, ikasema kwamba chumba kile ni stoo ya mwenye nyumba, naye ameifunga na vitu vyake.

"Na bafu liko wapi?" akauliza mwanamume.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi cha kunipa muda wa kufikiri. Pembe moja ya chini ya mlango ilikuwa imeinuka kwa sababu ya kule kuinama kwa fremu, ikaacha mwanya wa kama vidole viwili. Nikaitoa gololi mfukoni na kuisukuma nje, nikikusudia isimame miguuni pao ili wajue kwamba stoo ina mtu. Haikusimama. Niliisikia ikipita kati yao, ikashika ukumbi wote wa katikati, ikaingia sebuleni huku ikiongeza kasi, na mwishowe ikagonga ukuta wa mbali, ule wenye rangi mpya.

Hakuna aliyezungumza. Nikasikia hatua za mwanamume zikienda sebuleni na kurudi, halafu gololi ikaanza safari yake upya, kwa sauti ileile na kwa njia ileile. Akaifuata akairudisha kwa mara ya tatu. Nilitarajia kwamba baada ya jaribio la kwanza mtu angenifungulia mlango, lakini niliwaelewa vizuri, kwani hata mimi nisingeacha kipimo kama kile katikati kwa sababu ya binadamu aliyefungiwa.

Hatimaye mwanamke akachuchumaa kwenye mwanya.

"Ndugu, wewe ndiye mwenye gololi?"

"Ndiyo, dada."

"Maji yanatoka?"

"Yanatoka, lakini hayana nguvu, na kwenye beseni yanatuama. Naomba mnifungulie."

"Tutakufungulia. Nyuma ya mlango kukoje?"

Nikamweleza habari za chumvi na urefu wake, habari za ufa na mwelekeo wake, naye akanisikiliza kwa makini, akiuliza maswali ya mtu anayeijua kazi. Aliniambia kwamba kwao hii ilikuwa nyumba ya 22. Nadhani sijapata kumheshimu mtu kwa haraka namna ile.

Mumewe aliniomba nisogee kando, akaupiga mlango bega, na mlango ukaingia bafuni pamoja na kipande cha fremu na sehemu ya lipu iliyoizunguka. Nikatoka nikiwa mweupe kwa vumbi, kishikio kikiwa bado mkononi. Nilimkabidhi dalali. Alikipokea kwa adabu, akaitazama fremu iliyokuwa sakafuni, akatutazama sisi watatu mmoja baada ya mwingine, na kusema kwamba hayo ni marekebisho madogo. Kisha, kwa ujasiri ambao mpaka leo naustaajabia, akaangalia simu yake na kutuomba tufanye uamuzi mapema kwa kuwa kuna mteja mwingine yuko njiani.

Gololi hatukuipata. Katika safari yake ya nne, ambayo kusema kweli haikuwa na lazima yoyote, ilipita mwanya uliokuwa kati ya sakafu na ukuta ule wenye rangi mpya, tukaisikia ikishuka, na ikaendelea kushuka kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu yote, akacheka hadi akakaa chini. Mwanangu hakucheka. Alinikumbusha masharti.

Baada ya wiki mbili nikaliona tangazo jipya la nyumba ile. Bei ilikuwa ileile, sebule ilikuwa na upana uleule wa ukumbi wa harusi, na safari hii bafu nalo lilikuwa limepigwa picha, likiwa na uwazi mtupu pale mlango ulipokuwa. Chini yake waliandika kwamba nyumba ina bafu la kisasa la muundo wa wazi, na kwamba wateja wawahi, kwa kuwa tayari watu watatu wamekwisha kuiona na kuvutiwa nayo sana. Mwanangu aliikuza picha ya sebule kwenye simu yangu, akaichunguza kwa muda mrefu pembe kwa pembe, akaniuliza kama huyo mteja aliye njiani anaweza kutuchukulia gololi yetu.