Mbunge wa mabati au mbunge wa hoja?

Uchaguzi ukikaribia swali la kwanza mtaani ni "huyu mtoto wa wapi?" na la pili "ametufanyia nini?", na wajuzi wa katiba ya Tanzania wanatucheka maana ibara ya 67 haisemi popote kwamba mbunge azaliwe jimboni, inataka tu raia wa miaka 21 au zaidi, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza na aliyepitishwa na chama. Sawa. Lakini mi naona hilo la asili lina maana yake. Sugu alivyochukua Mbeya Mjini 2010, Professor Jay Mikumi 2015, MwanaFA Muheza 2020, wapo waliouliza msanii anaenda kufanya nini bungeni, ila mpiga kura nae ana hesabu zake: huyu kwao tunapajua, akituzingua tunajua pa kumpata. Aliyeletwa na kura za maoni tu utamdai wapi?

Shida iko kwenye "ametufanyia nini". Zamani ilikuwa pilau, kanga na hela ya soda, wakaipa jina zuri takrima na kuiingiza mpaka kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006. Haya, 2009 ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati ni nani? Mbunge mwenyewe! Hela ya serikali, ila ikifika kijijini yanakuwa mabati ya mheshimiwa.

Sasa ibara ya 63 ya katiba inalipatia Bunge kazi ya kuisimamia serikali, na mbunge huyohuyo anakaa baraza la madiwani kupitisha bajeti ya halmashauri halafu anaongoza kamati ya kugawa hela zinazopitia halmashauri hiyohiyo, atamkaba mkurugenzi saa ngapi? Na wa viti maalum ambaye hana mfuko tunamwita mzigo hata kama anachangia hoja kila kikao.

Ila tusijifanye hatuijui hali ya huku chini. Watu wamechanga, wamefyatua tofali, boma la darasa limefika lenta na limesimama hapo mvua zinalinyeshea, ukienda halmashauri unaambiwa liko kwenye mpango. Mbunge akileta mbao na bati watoto wanaingia ndani, na sheria yenyewe iliwekwa kuchochea vitu kama hivyo, sasa mama wa pale utamwambia asipige vigelegele kisa mgawanyo wa madaraka? Kwa kweli mi siwezi.

Kwa hiyo mfuko ningeuacha, ila uenyekiti apewe mtu mwingine, mbunge abaki kuhoji, na orodha ibandikwe ofisi ya kata: mradi gani, shilingi ngapi, nani kaupendekeza. Jezi na mipira atoe mfukoni kwake akijisikia, ilimradi asije kutusomea jukwaani kama ndo ripoti yake ya miaka mitano.