Sikupandwa na pepo, nilikuwa naimba

Kabla hamjaendelea kusambaza ile odio ya jamaa wa Nyawera, eti nilipandwa na pepo matangani, nisikilizeni na mimi. Hakuna pepo. Nilikuwa naangalia filamu.

Tuliokulia Bukavu kwa masista tunaijua: La Mélodie du bonheur (kwa Kiingereza The Sound of Music), ya mwaka 1965, Julie Andrews anazunguka mlimani, mikono wazi. Utotoni kwangu ilikuwa nyimbo tu, na watoto waliovalishwa mapazia. Leo nina ndevu ndiyo naona: kumbe Kapteni ni mgane wa watoto saba, anawaita kwa filimbi kama polisi wa barabarani! Kumbe Wanazi wako mlangoni!

Filamu yenyewe ni karibu masaa matatu mazima, nikaona mkesha wa matanga kule Kadutu utatosha. Marehemu ni babu wa jirani, hata salamu hatujawahi kupeana. (Msininunie. Baridi ya Bukavu saa nane za usiku mnaijua.) Ekuteri masikioni, kitenge kichwani, telefone ndani ya koti.

Ukafika wimbo wa mchungaji wa mbuzi, ule wa vikaragosi, sauti inapanda, inavunjika, inashuka. Nilidhani naimba moyoni.

Yiii-hu-huuuu!

Pasta alikuwa ameomba watu wanyamaze. Mama mmoja karibu na moto akapokea: “Uwiii! Baba weee!” Wa pili akaitika. Jikoni sufuria ikaanguka, watoto wakaamka wanalia. Mimi sina habari, nimefumba macho, nashuka na ubeti wa pili, kichwa kinatikisika.

Nikahisi mikono. Nikafumbua jicho moja. Bibi mwenyewe, mke wa marehemu, amenikumbatia, machozi yake yananidondokea shavuni.

“Lia, mwanangu. Lia yote.”

Nyuma yake ukoo mzima umesimama. Wewe ungesema nini? “Bibi, ni mbuzi”?

Nikalia. Tena nililia vizuri.

Basi, nikapewa kiti kwa wafiwa, chai ya kwanza, asubuhi msalaba nikabeba mimi. Wakauliza nilimjuaje mzee, nikajibu tulikuwa tunaimba pamoja. Huyo jamaa wa Nyawera alikuwa ameona kioo cha telefone yangu. Alicheka mpaka wakamtoa nje. Na filamu sikuimaliza, sijafika hata pale masista wanapong'oa vipuri vya magari ya Wanazi.

Sasa familia inataka niseme neno siku ya kuondoa matanga. Ni Jumamosi. Anayemjua yule mzee, alifanya kazi gani, alipenda nini, aniandikie pembeni haraka.