Fundi, Redio Yangu Haikamati Zamani

Ufundi redio hapa Tandika ulikuwa na heshima yake. Mtu anakuletea redio imekufa, unafungua, unakuta mende kaoa na kuzaa ndani ya spika, au waya umetafunwa na panya. Unachomea risasi, unapokea chako, mnaagana kwa amani. Siku hizi naletewa redio nzima kabisa, inaongea, inaimba, inacheka yenyewe, halafu mteja ananiambia ni mbovu.

"Ina tatizo gani?"

"Haikamati."

"Haikamati nini?"

"RTD."

Sasa hapo fundi unashika bisibisi gani?

Huyo ni mzee wangu mmoja wa Yombo, na redio yake ya National, ile ya mfuko wa ngozi wenye matundu. Namheshimu, shikamoo yake naitoa hajavuka mtaro. Nimemweleza kwa upole: mzee wangu, Radio Tanzania Dar es Salaam walishaibadilisha jina, ikawa TUT, baadaye ikawa TBC. Hata Barabara ya Pugu, ilipokuwa redio yenyewe, nayo siku hizi ni Nyerere. Mji huu kitu ambacho hakijawahi kubadilishwa jina ni deni peke yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nimekuelewa, mwanangu. Sasa itengeneze."

Anachotaka ni vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Anataka Mama na Mwana, Debora Mwenda awasimulie watoto hadithi, ingawa nakumbuka vizuri waliokuwa wakigombea kiti cha karibu na redio ni watu wazima wenye ndevu. Anataka ngoma ilie, isomwe taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na atakayekohoa atolewe nje. Anataka Ahmed Jongo atangaze mpira. Watu walikuwa wanakwenda na redio uwanjani, jamani! Umelipa kiingilio, umekaa nyuma ya goli, mpira unauona, lakini hushangilii mpaka Jongo akuthibitishie kwamba ulichokiona umekiona.

Ila linalomuuma kuliko yote ni matangazo ya vifo. Zamani ukifiwa unapeleka tangazo, linasomwa kwa sauti ya taratibu: habari ziwafikie fulani wa Songea, fulani wa Kigoma, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Na zilikuwa zinawafikia. Mpaka 1994 ilipokuja Radio One, huku Bara ukitaka redio ya nyumbani ni RTD tu, na yale masafa ya kati na mafupi yalikuwa yanasafiri kweli. FM yenu hii ukipita Chalinze inaanza kukoroma. Leo mtu anafariki nyumba ya pili, tangazo limewekwa kwenye grupu, na wewe bando liliisha juzi. Unakutana na mfiwa dukani, unamchangamkia, "Vipi, mzee hajambo?" Anakutazama. Unabaki umeshika mkate wako huna pa kuupeleka.

Lakini tusidanganyane, hiyo RTD tuliisema sana. Hotuba ikianza ungeweza kubandika maharage makavu, yakaiva, ukayaunga, ukala, ukalala kidogo, ukaamka mheshimiwa bado anasisitiza. Na betri je? Zikiisha nguvu tunazianika juani pamoja na muhogo, jioni tunazirudisha kwenye redio, tunapata robo saa ya habari na sauti ya kuzama. Katika ile robo saa yote yaliyokuja ni bei ya pamba!

Na salamu. Unanunua kadi, unaandika majina, unaiposti, unasubiri. Kuna watu walikuwa wanamsalimu mke aliyeko jikoni na mama mkwe aliyeko barazani, kupitia Barabara ya Pugu. Kipindi cha wagonjwa, Ugua Pole, ndiyo kabisa: kadi inasomwa mgonjwa keshapona, anapalilia shamba, anasikia redioni anaombewa anyanyuke kitandani. Mjomba wangu alisusa harusi kwa sababu jina lake lilisomwa baada ya la shemeji. Akasema bora asingetajwa. Mwaka uliofuata hakutajwa, akasusa tena.

Siku hizi redio hainitaji mimi wala mjomba. Saa kumi na mbili asubuhi watangazaji wanne wanagombana kuhusu usajili wa Simba na Yanga. Saa nne wengine wanne, usajili ule ule. Jioni wanaita mchambuzi, naye anachambua walichogombania wale wa asubuhi. Mchezaji mwenyewe bado yuko kwao amelala. Wakitulia kidogo linaingia tangazo la kubeti, mtu anakupigia kelele uweke hela sasa hivi maisha yabadilike, halafu mwishoni kwa kasi ya mtu anayekimbia mgambo anakwambia ucheze kistaarabu. Na hakuna anayetaja saa! Mimi kijana nilikuwa sina saa ya mkononi na sikuwahi kuchelewa popote. Leo nina simu yenye saa, na nachelewa kila siku.

Mama mwenye genge hapo mbele ananicheka. Yeye ni wa kizazi cha Radio One, anasema RTD ilikuwa ya wazee na mambo ya pembejeo. Redio kwake ni kukaa na kaseti tupu, kidole kwenye kitufe cha rekodi, unasubiri wimbo wako tangu mchana, na ukija tu mtangazaji anaongea juu yake mpaka ubeti wa pili. Kaseti zake nimeshazitengeneza, najua. Nusu ni muziki, nusu ni mtangazaji. Anajivuna kwamba hata hilo jina la Bongo Fleva lilitokea kwenye redio yao, kwa mtangazaji Mike Mhagama, na ukimsikiliza unaweza kudhani alikuwepo studio anamshikia maji ya kunywa. Mimi namjibu kwamba kabla ya hao, Mlimani Park, Vijana Jazz na Msondo walikuwa wanaingia studio za RTD, bendi nzima, wanapiga wote kwa mpigo, na tarumbeta akikosea wanaanza upya. Hapo ndipo tunanuniana, na siku hiyo nyanya nanunua kwingine.

Sasa katikati ya ugomvi huu wa wenyeji akatuletea msiba wa ugenini mpwa wa mwenye nyumba wangu. Aliishi Maryland, Marekani, miaka ya kutosha kusahau kwamba Februari ya Dar haivaliwi fulana nyeusi. Huyu analilia redio inaitwa WHFS, ilikuwa ya rock, tena siyo rock yoyote, ile rock mbadala ya watu wasiochana nywele. Kila mwaka redio ilikuwa inafanya tamasha lake, wanajaza uwanja wa mpira, wanarukaruka. Akaniwekea nisikie. Gitaa linalia kama jenereta lililokosa oili, lakini nikamwambia mimi sishangai, kwa sababu miaka ya 1970 hapa hapa Dar kulikuwa na The Sunburst, wanapiga rock wameichanganya na ngoma zetu, na kaka yangu alikuwa anawafuata na suruali ya bwaga ambayo chini ungeweza kuficha mtoto.

Akafurahi, akanisimulia yaliyomkuta. Tarehe 12 Januari 2005, saa sita mchana, watu wako makazini, redio iko palepale kwenye 99.1, ghafla rock ikakatika. Hakuna cha kwaheri ya wiki nzima. Ikaanza kusikika redio ya Kihispania inaitwa El Zol, salsa na merenge mtindo mmoja. Wenye redio walikuwa wamepiga hesabu zao: Walatino wa pale Washington wameongezeka, na rock haiwalipi tena.

Mzee wa Yombo alikuwa kwenye benchi, ameikumbatia National yake.

"Walitoa makelele wakaweka salsa?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa huyu analia nini?"

Nikajaribu kumtetea kijana, ikashindikana. Mzee anasema kizazi chao kimekua na santuri za Kikyuba, wameimba Kihispania wasichokijua mpaka wakaoa kwa kukiimba. Kwa hesabu yake Wamarekani ndio walioanza kuelewa, na hiyo El Zol kama naweza kuikamata nimwekee, asubirie hapo huku nikiitafuta RTD. Kijana akavuta fulana yake nyeusi akaondoka, soda hajamaliza. Mzee akaimaliza.

Nilidhani nimepata dawa. Nikafungua ile National, nikaipachika kidude cha flashi, nikajaza zilipendwa tupu, mzee akaenda nayo anatabasamu. Baada ya siku chache karudi. Anasema mbona haitaji saa. Mbona haina matangazo ya vifo, maana haiwezekani wiki nzima asife mtu. Na mbona Marijani Rajab anaimba kila asubuhi wimbo ule ule baada ya ule ule, hapumziki kusikiliza habari? Hela ya kazi hajanipa, anasema malipo ni redio ikipona.

Jana akaja mwenye nyumba mwenyewe, shangazi yake kijana. Hana habari ya kodi, na mimi sikumkumbusha. Anasema mpwa wake hali chakula vizuri, usiku anasikiliza makelele kwenye simu halafu anaguna, hivyo nimkamatishie hiyo redio yake ya Maryland, mtoto atulie. Nikamwambia, mama, redio yenyewe waliigeuza tangu 2005, na ni FM, hata ingekuwepo haivuki bahari.

"Wewe si fundi? Tafuta waya mrefu."

Nikafikiria kodi ya miezi miwili. Nimemwambia alete waya, na advansi.