Maganda ya matunda dhidi ya bakteria sugu: ushahidi unafika wapi?

Ganda la zambarau la mangostini, tunda la tropiki, lile linalotupwa nyama ikishaliwa, lina kiambato kiitwacho alfa-mangostini. Kikikutanishwa maabara na bakteria wa Staphylococcus aureus waliokwisha kuwa sugu kwa antibiotiki ya methisilini, mikrogramu chache kwa mililita moja, mara nyingi chini ya 15, hutosha kuwazuia wasizaliane. Vankomaisini, dawa ambayo madaktari huitegemea dhidi ya bakteria haohao, kwa kawaida huhitaji mikrogramu 1 hadi 2. Kiambato kilichotoka kwenye taka za matunda, bila kurekebishwa na mkemia yeyote, kimesogea karibu kiasi hicho na dawa ya hospitalini. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, kuwapuuza wanaotafuta tiba kwenye matunda ni kosa.

Hoja yao ina mantiki. Mmea haukimbii adui, hivyo hujilinda kwa kemikali, na kinga hiyo hujaa zaidi kwenye ganda na mbegu kuliko kwenye nyama tamu. Mbegu za papai zina benzili isothiosayaneti, kokwa la embe lina tanini nyingi, kemikali zenye ladha ya ukakasi. Mimea pia imeshatupa dawa kubwa: kwinini ilitoka kwenye magome ya mti, na artemisinini, iliyomletea Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilitoka kwenye majani.

Lakini hizo mbili ni dawa za malaria, na malaria hailetwi na bakteria. Antibiotiki tunazomeza na kudungwa karibu zote zina asili ya kuvu na bakteria wa udongoni, au ziliundwa maabara tangu mwanzo. Mimea imechunguzwa kwa miongo mingi bila kuziba pengo hilo, na nadhani sababu kubwa ni kipimo.

Tafiti nyingi hutangaza kwamba kikamuo, yaani mchanganyiko wa kemikali zilizokamuliwa, cha jani au ganda fulani "kinaua bakteria", kumbe kimefanya hivyo kwa miligramu 5 (mikrogramu 5,000) kwa mililita au zaidi. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Ili damu yake ifikie kiwango hicho, gramu 25 za kikamuo zingepaswa kuwa zimeyeyuka ndani yake kwa wakati mmoja. Haiwezekani, na hata ingewezekana, ini na figo zisingevumilia. Ndiyo maana mwaka 2005 wanasayansi Ríos na Recio walishauri kwamba majaribio ya vikamuo yasivuke miligramu 1 kwa mililita, na ya kiambato kilichosafishwa yasivuke miligramu 0.1. Ushauri huo bado unavunjwa kila siku, na kila unapovunjwa kichwa cha habari chenye matumaini ya uongo huzaliwa.

Hapo bado hatujagusa safari ya mwilini. Kwesetini, kiambato kilichomo kwenye mapera na matunda mengine mengi, hubadilishwa umbo na utumbo na ini kabla hakijafika mbali. Tanini hunata kwenye protini yoyote inayokutana nayo, iwe ya bakteria au ya chakula. Alfa-mangostini yenyewe hutoboa utando wa bakteria, lakini ikizidi hupasua pia seli nyekundu za damu.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha balungi. Kikamuo cha mbegu zake kiliuzwa kwa sifa ya kuua vijidudu vya kila aina. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walipima bidhaa sita za sokoni. Tano zilizuia vijidudu kwa nguvu, na zote tano zilikuwa na benzethoniamu kloraidi, kemikali ya viwandani ya kuua vijidudu. Tatu kati yake zilikuwa na triklosani pia, kemikali nyingine ya kuua vijidudu. Ile ya sita haikuwa na kihifadhi chochote, na haikuua kitu. Vikamuo ambavyo watafiti walijitengenezea wenyewe kutoka kwenye mabalungi navyo havikuua kitu. Watu walilipia tunda wakapewa dawa ya kusafishia, tena wengine kwa ajili ya kunywa. Huo ni udanganyifu unaogusa afya, na umewachafulia jina watafiti waaminifu.

Hata hivyo sikubali kwamba mlango umefungwa. Kuna bakteria, hasa wa kundi la Gramu-hasi kama E. koli, wenye utando wa ziada wa nje na pampu zinazotema sumu kabla haijafanya kazi. Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao walionyesha kwamba mmea wa Berberis hutengeneza berberini, inayoua bakteria kwa udhaifu, pamoja na kiambato cha pili kisichoua ila huziba pampu ya Staphylococcus. Vikiwa pamoja, berberini hupata nguvu. Mmea huo si wa matunda ya tropiki, lakini unatufundisha namna ya kutafuta: tuwatafute wasaidizi wa antibiotiki za zamani, tusiwapime wauaji peke yao. Watafiti wa Singapore nao wamelirekebisha umbo la alfa-mangostini kwa kuliongezea chaji chanya, ili limshike bakteria kuliko seli ya damu. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayostahili fedha.

Eneo la pili ni ngozi, ambako kipimo kikubwa kinawezekana bila kupitia damu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya Hospitali ya Royal Victoria, Banjul, Gambia, kuhusu watoto walioungua ambao vidonda vyao vilipakwa nyama ya papai iliyopondwa. Papai liliondoa tishu zilizokufa na kusaidia kuzuia maambukizi, kwa gharama ndogo. Lakini mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa za kupaka zenye papaini, kimeng'enya cha papai, ziondolewe sokoni: hazikuwa zimeidhinishwa, na baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali, hata wa kutishia uhai. Kwangu, taarifa hizo mbili hazifutani. Ya kwanza inatoa sababu ya kufanya jaribio kubwa lenye kundi la kulinganisha, na ya pili inataja madhara ambayo jaribio hilo lazima lihesabu kuanzia mgonjwa wa kwanza.