Tuache kumsifu mama kwa uvumilivu

Mama mwenye mtoto mgonjwa wa maradhi ya kurithi hapungukiwi sifa. "Mungu alijua utaweza, mwenzetu." Sifa hizi zinanikera. Anayezitoa akimaliza hunyanyuka akaenda zake, mama akabaki jikoni na mzani.

Mzani kweli, ule wa gramu. Chukua fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Kimeng'enya cha kwenye ini kinachovunja fenilalanini, mojawapo ya vijenzi vya protini, hakifanyi kazi inavyotakiwa, basi inarundikana kwenye damu na kuharibu ubongo. Tiba kubwa ni chakula. Nyama, dagaa, mayai, maharage na karanga vyote marufuku. Ugali nao una protini yake, kama gramu 8 katika gramu 100 za unga wa mahindi, kwa hiyo hauliwi bila kupimwa. Badala yake mtoto anakunywa maziwa maalumu ya unga, yenye harufu ya kukirihi, kila siku, na akiwa mtu mzima aendelee. Halafu anakuja bibi na huruma zake, anamdokolea mjukuu kipande cha yai: "Kidogo tu jamani, mbona mnamtesa mtoto?" Hapo mke wa mtu afanye nini, agombane na mama mkwe?

Wanaodhani kazi ya mama ni kuvumilia tu nawapa habari za Borgny Egeland wa Norwei. Watoto wake wawili, Liv na Dag, walizaliwa wakionekana wazima, kisha akili zikagoma kukua. Mikojo yao ilikuwa na harufu asiyoielewa. Alizunguka kwa madaktari miaka, hakuna aliyemwambia la maana, naye hakuacha kuuliza. Mwaka 1934 Asbjørn Følling, daktari aliyesomea pia kemia, alikubali kuupima mkojo ule. Alipoutia kemikali iitwayo kloridi ya feri ukageuka kijani. Akaomba mwingine, mama akaleta, akaleta tena, mpaka asidi iliyojificha mle ikajulikana. Ugonjwa huo, ndio hiyo PKU, ukaitwa wa Følling. Sina ugomvi na Følling, lakini pua ilikuwa ya mama.

Miaka ya 1950 ilipoanza, huko Birmingham, Uingereza, mama mwingine aliambiwa na daktari Horst Bickel kwamba ugonjwa wa bintiye unajulikana ila hauna tiba. Hakukubali. Kila asubuhi alikuwa mlangoni pa maabara akiuliza ataitafuta lini. Bickel na wenzake wakatengeneza chakula chenye fenilalanini kidogo mno, na mtoto aliyekuwa akilia na kujigonga kichwa akatambaa, akasimama. Kisha, ili wapate uhakika, wakairudisha fenilalanini kwenye chakula kile bila kumwambia mama. Siku chache tu, karibu yote aliyoyapata kwa miezi 10 yakapotea. Baadaye walirudia jaribio hospitalini, safari hii kwa ridhaa yake. Sayansi ilifaidika, najua. Bado inanichefua.

Na lawama je? "Kwetu hayo hatunayo," watasema mawifi. Mnayo. Mtoto mwenye PKU amerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, wote wawili wakiwa wazima wa afya, na kwa wazazi hao kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Ndoa za binamu huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kuwa na jeni hiyo, jambo ambalo watu wa pwani na Ghuba tungelizungumza bila kuoneana aibu.

Uingereza mtoto hutobolewa kisigino akiwa na siku 5, tone la damu likakaushwa kwenye karatasi ili lipimwe PKU, njia iliyoanzishwa na daktari Robert Guthrie wa Marekani miaka ya 1960. Kwetu mtoto mchanga hupata BCG na matone ya polio, lakini kipimo hicho bado si cha kawaida. Maana yake macho na pua ya mama ndiyo maabara ya kwanza, na nesi anayemjibu "watoto ndivyo walivyo, mama" anaifunga.

Kwa hiyo sifa wekeni. Nesi aandike kwenye kadi ya kliniki alichokisema mama, hata kama hakielewi. Bibi aitwe kwa mtaalamu wa lishe aelezwe habari ya yai. Na siku ya mtoto kutolewa damu, baba naye aombe ruhusa kazini.