Kituo Kidogo cha Muluka na Kanisa la Kigangoni: Vifungwe au Vibaki?

Sera ya afya ya Uganda iliweka lengo ambalo kila mwanakijiji analielewa bila kufafanuliwa: mtu asitembee zaidi ya kilomita tano kutafuta tiba. Ndiyo maana vilijengwa vituo vya afya vya ngazi ya pili katika miluka (maeneo ya utawala yenye vijiji kadhaa), kila kimoja kikikusudiwa watu wapatao 5,000, na vya ngazi ya tatu katika magombolola (kila moja likiwa na miluka kadhaa), kwa watu wapatao 20,000. Baadaye serikali ilibadili mwelekeo, ikaacha kutanguliza ujenzi wa vituo vidogo vipya na badala yake ikavipandisha hadhi baadhi ya vilivyokuwapo, ili kila gombolola ipate kituo cha ngazi ya tatu. Hatima ya vile vilivyobaki chini, pamoja na ya makanisa madogo ya vijijini, ndiyo inayobishaniwa.

Wanaotaka huduma zikusanywe mahali pamoja wana hoja nzito. Kwa mpango wake, kituo cha ngazi ya pili huhudumia wagonjwa wa nje tu, ilhali kile cha gombolola kinapaswa kuwa na tabibu, maabara na wodi ya uzazi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hapati nafuu yoyote kwa kuwa karibu na jengo lisilo na mkunga. Dawa nazo hutoka bohari kuu ya taifa kila baada ya miezi miwili, na vituo vidogo hupelekewa vifurushi vilivyopangwa kwa mfano mmoja, kwa hiyo penye mbu wengi dawa za malaria huisha mapema, na penye baridi hukaa rafuni. Kuwatawanya wauguzi wachache katika majengo mengi yasiyo na dawa ni kuwachosha wao na kuwavunja moyo wagonjwa.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upungufu mkubwa. Kituo kinapofungwa, gharama ya safari haifutiki, bali hutoka katika bajeti ya wilaya na kuingia katika mfuko wa mgonjwa. Malaria kali inaweza kumwua mtoto katika muda wa siku moja au mbili, na katika muda huo mama anatafuta nauli ya bodaboda, anatafuta wa kumwachia watoto wengine, na wakati wa masika anauliza kwanza kama mto unavukika. Tuliwahi kuona jinsi kizuizi kidogo kinavyowarudisha watu nyumbani: mwaka 2001 serikali ilipofuta ada katika vituo vyake, waliofika kutibiwa waliongezeka sana, na maskini ndio walionufaika zaidi. Kwa mkulima asiye na fedha taslimu, nauli ni ada ileile iliyorudi kwa njia nyingine.

Kuhusu makanisa, suala hili ni gumu zaidi, kwa sababu thamani yake haiandikwi katika daftari la wagonjwa. Kigango cha Kikatoliki, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, huongozwa na katekista, na padri hufika mara chache. Kwa Waanglikana kazi hiyo hufanywa na msomaji mlei. Kwa kuhesabu vichwa na sadaka, vigango vingi havistahili kuendelea. Lakini jengo hilohilo ndimo watoto wanamopatiwa chanjo siku wahudumu wanapokuja, ndimo vikundi vya akiba vinamofungulia sanduku lao, na ndimo tangazo la msiba linamosikika kwanza. Makanisa yalipofunguliwa tena mwaka 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, waumini walipewa kikomo cha watu 70. Katika kanisa kuu la mjini idadi hiyo ilikuwa ndogo mno, lakini kuna vigango ambako watu 70 ni waumini wote.

Huku Nile Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukiziondoa hospitali za kanisa za Kuluva, Angal, Nyapea na Maracha, ramani ya tiba inabaki na matundu makubwa. Gulu, kaskazini mwa nchi, nayo ina ushahidi wake: wakati wa vita vya waasi wa LRA maelfu ya watu, wengi wao watoto, walilala kila usiku ndani ya ua wa hospitali ya Kikatoliki ya Lacor, na mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama alikwenda kulala nje pamoja na watoto hao mjini. Hilo liliwezekana kwa sababu watu wa kanisa na hospitali yao walikuwapo tangu zamani na wananchi waliwaamini.

Ni lazima pia kukiri kwamba hospitali za kanisa hutoza ada, kwamba kuna vijiji maskini ambako kila dhehebu linachangisha fedha za jengo lake, na kwamba huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya watu waliangamia mikononi mwa viongozi wa dini wasiosimamiwa na yeyote. Kwa hiyo siungi mkono kuacha kila mlango wazi bila kuuliza kinachofanyika ndani.

Ninachounga mkono ni kwamba kituo cha muluka kisifungwe kabla wilaya haijaonyesha kwa maandishi jinsi mgonjwa wa mbali kabisa atakavyofika kwenye gombolola usiku, wakati wa mvua, na nani atalipa. Pale ambapo muuguzi wa kudumu hapatikani, apangiwe siku maalumu ya wiki, dawa zake zifuate idadi ya wagonjwa wa mahali hapo, na ahudumu hata ndani ya jengo la kigango ikiwa la serikali limechakaa. Katekista anaweza kuitangaza siku hiyo Jumapili, na imamu Ijumaa.